Khoren Saatjian, Fundi Aliyesimamisha Mlima

Marehemu Khoren Mihran Saatjian alizaliwa Ijumaa, tarehe 2 Novemba 1956, katika mtaa wa Nor Marash, Bourj Hammoud, kando ya mji wa Beirut, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Mihran Saatjian, fundi saa, na Bi Azniv. Kabla ya kuendelea, familia inatimiza sharti moja aliloacha: isemwe mbele ya watu, na ichapishwe, kwamba alikuwa mwoga. Alihudhuria mazishi mengi katika kanisa hili, akasikia kila marehemu akisifiwa kwa ushujaa, na kila mara alirudi nyumbani akimwuliza mkewe waoga wa mtaa huu huwa wanazikwa wapi.

Alilelewa nyuma ya duka la baba yake, chini ya saa za ukutani zipatazo arobaini. Bi Azniv alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo hakushtuka saa zote zilipogonga kwa pamoja. Alilia pale moja iliponyamaza. Alimvuta baba yake kwa aproni hadi kwenye ile iliyosimama, na hakukubali kula mpaka imeanza tena kutembea.

Alianza masomo mwaka 1962 katika shule ya Kiarmenia ya mtaani, akaendelea humo hadi alipomaliza sekondari mwaka 1974. Katika hesabu alikuwa wa kwanza darasani na wa mwisho kutoka. Mwalimu wake, Bwana Nubar, hakuusahau mtihani mmoja wa darasa la saba: maswali ishirini, Khoren kajibu tisa, yote tisa sahihi, na kila moja limekokotolewa mara tatu pembeni mwa karatasi. Alipoulizwa mbona hakufika mwisho, alisema lile la kumi alikuwa na shaka nalo. Bwana Nubar alimwambia Mzee Mihran kwamba kijana huyu ama atakuwa fundi wa kupigiwa mfano, ama hatamaliza hata kunyoa ndevu zake.

Oktoba 1974 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Beirut kusomea elektroniki. Miezi sita baadaye vita vikaanza, na njia ya kwenda chuoni ikawa njia ya risasi. Wenzake kadhaa waliendelea kuvuka. Wawili hawakufika. Khoren hakuvuka tena. Alibaki Bourj Hammoud akitengeneza redio, kazi ambayo miaka ile haikukauka, maana kila nyumba ilitaka kujua kesho barabara ipi itapitika.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyompa mke. Mizinga ilipoanza kulia, wanaume wa jengo lao walikuwa na desturi ya kubaki ngazini wakivuta sigara, wawe wa mwisho kushuka kwenye chumba cha chini cha kujihifadhi, nao waonekane. Khoren alikuwa wa kwanza kushuka. Alisimama mlangoni na tochi, akawahesabu walioingia na kuwapigia kelele waliobaki juu. Mchana mmoja wa mwaka 1986 Bi Knar Boyajian, mshonaji wa ghorofa ya tatu, alimkuta amekaa sakafuni anatetemeka, hesabu imekwisha kutimia.

“Mwanaume mzima, huoni haya?” alimwuliza.

“Naona. Lakini haya haitoboi mwili.”

Bi Knar alilitafakari jibu hilo kwa mwaka mzima. Walifunga ndoa Jumapili, tarehe 24 Mei 1987. Kwa shoga zake alisema kwamba kwa wale wengine wa ngazini angekuwa mjane kabla ya Pasaka. Tarehe 30 Juni 1993 Mungu aliwajalia mtoto wao mmoja, Shoghig.

Vita vilipokwisha, Khoren alifungua karakana ya kutengeneza vifaa vya umeme chini ya nyumba yao. Mwaka 1995 mteja alimletea gari dogo la wazi, la viti viwili, lenye kompyuta ya injini ambayo hakuna fundi aliyethubutu kuigusa. Khoren aliifungua, akaisoma kwa wiki tatu, na tangu siku hiyo hakurudia redio. Ndani ya kompyuta ile alikuta jedwali: upande mmoja mizunguko ya injini, upande wa pili hewa inayoingia, na katikati visanduku mia mbili hamsini na sita, kila kimoja na namba yake. Namba huamua petroli kiasi gani inyunyizwe, na cheche ya plagi iwake lini. Ukiipatia, gari la kilo mia tisa hupanda mlima kama limeitwa. Ukiikosea, halikuambii mpaka siku limekanyagwa hadi mwisho.

Sifa zake zilivuka Bourj Hammoud, zikapanda milimani, ambako vijana wa kila dini hushindana kwa magari mepesi kila kiangazi. Lakini alikuwa na sharti moja, na hakulivunja kwa mkubwa wala mdogo. Hakuna gari lililotoka mikononi mwake kabla yeye mwenyewe hajakaa kiti cha abiria, kompyuta mapajani, na mwenye gari akalipeleka kwa kasi yake yote. Wateja walidhani ni majivuno ya fundi anayetaka kusikia kazi yake. Bi Knar alijua zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyefua mashati yaliyolowa jasho hata Januari. Mumewe alikuwa ameamua kwamba ikiwa namba zake zitamwua mtu, basi na yeye awemo garini.

Shoghig alisomea udaktari wa meno. Mwaka 2016, kwa mshahara wake wa kwanza wa kueleweka, alinunua gari la wazi la aina ileile, la viti viwili, la kijani, akaanza mashindano ya kupanda milima. Alimwomba baba yake alipangie namba. Baba alikataa. Alikataa mwaka ule, na uliofuata, na hata alipoletewa bastirma, nyama kavu ya viungo, ya duka alilolipenda. Alisema magari ya watu wengine yanamtosha kumkosesha usingizi. Mwaka 2021 Shoghig alichoka, akalipeleka kwa fundi wa mji mwingine, na siku lilipoingia mtaani Khoren alilisikia kabla hajaliona. Alishuka kutoka roshani bila viatu.

“Nani kaiseti hii?”

“Mtu asiyeogopa,” Shoghig alijibu.

“Ndiyo maana inagonga. Zima. Zima, nimesema, mwanangu, usilisogeze hata hatua.”

Hivyo ndivyo alivyokubali.

Mwaka ule petroli ilikuwa adimu nchini, na watu walilala foleni. Rafiki mmoja alimpatia Shoghig pipa la petroli safi, na kwa petroli hiyo Khoren alipanga namba Jumanne, tarehe 5 Oktoba, katika barabara ya mlimani, akiwa kitini pake. Gari lilipanda vizuri kiasi kwamba binti alicheka njia nzima na baba alifumba macho njia nzima. Ijumaa ikabainika kuwa mazoezi yamelimaliza pipa. Hapakuwa na namna ila kujaza petroli ya foleni, ambayo hakuna aliyejua imechanganywa na nini. Petroli mbaya huwaka kabla ya wakati. Pistoni ingali inapanda, moto unaikuta njiani na kuipiga kichwani. Ndani ya gari hilo husikika kama kokoto katika kopo. Dereva akiendelea kukanyaga, pistoni hutoboka, oili humwagika mbele ya magurudumu ya nyuma, na gari jepesi halina uzito wa kulishikilia barabarani.

Kwa hiyo Jumamosi Khoren aliwasha kompyuta, akaichelewesha cheche kwa digrii nne. Saa kumi na moja jioni alikuwa anamalizia, kidole kimefika kwenye kitufe cha kuhifadhi, umeme wa serikali ukaondoka. Kati ya umeme huo kuondoka na jenereta la mtaa kushika kuna sekunde thelathini, arobaini, na Bourj Hammoud nzima huzihesabu bila kujua kwamba inahesabu. Betri ya kompyuta yake ilikwisha kufa zamani. Garini ilinywa umeme wa gari, na karakana ilinywa moja kwa moja ukutani. Kioo kikawa cheusi. Jenereta liliposhika aliiwasha upya, akalikuta faili, akazimwaga namba katika kompyuta ya injini. Injini iliwaka kwa ulaini. Nje trela lilikuwa linapiga honi, kwa sababu barabara ya Kfar Luza, mlima wa mashindano ya kesho yake, ingefungwa saa moja jioni. Gari likapakiwa, likaenda. Lilikuwa gari la kwanza katika miaka ishirini na sita kutoka mikononi mwake bila yeye kukaa ndani.

Mashindano yalikuwa Jumapili, tarehe 10 Oktoba 2021. Mlima wa Kfar Luza una kilomita tano na kona ishirini na tatu. Khoren hakukaa chini na mafundi wengine. Alikwenda kusimama kona ya kumi na tisa, mwisho wa mnyoofu mrefu, kipande cha barabara kisicho na kona, ambapo injini hufika kilele chake, na ambapo upande wa kulia hakuna kitu ila hewa na, mbali chini, mapaa ya kijiji. Alipapenda hapo kwa sababu palimwezesha kusikia. Msimamizi wa kona ile, Milad, kijana wa kijiji hichohicho, alimkaribisha mkate wa zaatari, uliopakwa majani makavu ya kunukia. Khoren aliushika mkononi, hakuuma.

Shoghig alikuwa wa thelathini na moja. Gari la ishirini na sita lilipopita, Khoren alijaribu kukumbuka kama kidole chake kilikibonyeza kile kitufe kabla ya giza au kiliishia hewani. Hakukumbuka. Alijaribu tena, kama alivyokuwa akirudia hesabu pembeni mwa karatasi, na kila alivyorudia kitufe kilizidi kusogea mbali. Akampigia mkewe simu.

“Shuka karakana. Fungua kompyuta. Nisomee jina la faili la mwisho na tarehe yake.”

“Hata hujambo huna?”

“Knar.”

“Haya, nashuka, usinitie presha. Inawaka. Faili liko moja tu, umeliandika Shoghig. Jumanne, tarehe tano, saa moja na dakika kumi jioni.”

Bi Knar anasema aliisikia pumzi ya mumewe ikikatika upande wa pili. Jumanne. Namba za petroli safi, ndani ya gari lililojaa petroli ya foleni.

“Lifungue,” alisema. “Nisomee namba zilizo ndani. Upesi.”

“Nalifungua. Subiri.” Kisha: “Khoren, umeme umekwenda.”

Ilikuwa saa nne kamili. Wiki ile jenereta la mtaa lilikuwa likizimwa saa nne hadi saa sita kwa kukosa dizeli. Alikwisha kulijua hilo. Kila mtu alilijua. Simu ya Shoghig ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ndani ya trela. Gari la ishirini na nane lilipita, kokoto zikaruka hadi kwenye viatu vyake. Akamwendea Milad.

“Msimamishe wa thelathini na moja.”

“Kwa nini, mzee wangu?”

“Ni binti yangu.”

Milad alicheka, si kwa dharau. “Kila mwenye mtoto hapa hunipa agizo hilo. Mwaka juzi mama mmoja alitaka nifunge mlima kwa kuwa mwanawe hajanywa chai.”

Khoren hakucheka. Alimweleza kuhusu petroli, cheche na pistoni, maneno yakimtoka yamepandana, na Milad alielewa nusu tu, lakini ile nusu ilimfuta kicheko. Alisema yeye hana mamlaka ya kusimamisha gari kwa hofu ya baba. Lazima iwe hitilafu, na lazima aseme anayeijua. Alimpa redio. Kwenye redio ile walikuwa wakisikiliza kona zote ishirini na tatu, mkuu wa mashindano, na kule chini mafundi wa nchi nzima, baadhi yao wakiwa wamengoja miaka ishirini kumsikia Khoren Saatjian akikosea.

Gari la thelathini likapita.

“Mimi ni Khoren Saatjian, niko kona ya kumi na tisa,” alisema. Waliomsikia wanasema sauti ilitetemeka lakini maneno hayakutetemeka. “Namba za gari la thelathini na moja nimeweka mimi. Nimekosea. Injini itapasuka kabla hajanifikia. Msimamisheni.”

Kisha mtu wa mwanzoni mwa mlima akajibu: “Ameshaondoka.”

Mkuu wa mashindano alitoa amri, na bendera nyekundu zikapanda kona hadi kona. Khoren hakuziona. Alichokuwa nacho ni masikio. Aliusikia mlio wa gari la binti yake ukipanda kutoka bondeni, safi, mkali, gia ya pili, ya tatu, kona ya tano, ya sita, na haukupungua. Alisikia kona ya saba ikisema kwenye redio kwamba bendera imeinuliwa na gari limepita. Mlio uliendelea. Akaanza kutafuta kokoto ndani ya mlio, ile sauti ya kopo, na kwa jinsi alivyoitafuta aliisikia kila mahali. Halafu, penye kona ya kumi na moja, mlio ukakatika.

Hapo ndipo alipokaa chini. Mlio uliokatika unaweza kuwa mguu ulioondoka kwenye akseleta, na unaweza kuwa gari lililoondoka barabarani, na kwa mbali hivyo masikio hayatofautishi, hata masikio yake. Milad alimshika bega. Wote wawili waliitazama redio.

“Kona ya kumi na moja,” redio ilisema. “Amesimama. Yuko salama. Anatutukana, lakini yuko salama.”

Tangu simu ya Bi Knar zilikuwa zimepita dakika tisa.

Kule chini walikotengenezea magari mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Fundi mmoja aliuliza kwa sauti kama Khoren anaweza pia kuisimamisha bei ya mkate. Mkuu wa mashindano aliamua kwamba mbio ile imehesabiwa kuwa haikukamilika; ilibaki ya pili, ya saa nane mchana. Shoghig alikuwa amekaa juu ya tairi, kofia ngumu mapajani, hamtazami baba yake.

“Miaka mitano nakuomba,” alisema. “Umenipa siku nne. Halafu umenivua nguo mbele ya mlima mzima.”

Khoren alisema alikosea, na kwamba kosa ni lake peke yake. Alikuwa tayari kurudi Bourj Hammoud kuichukua kompyuta na kurekebisha, kama muda ungetosha. Haukutosha. Alikaa chini kando ya gurudumu, wakangoja saa sita.

Saa sita na dakika mbili simu ililia. Umeme umerudi, na Bi Knar alikuwa na faili wazi mbele yake. Khoren alimwomba asome mstari wa mizunguko elfu sita. Namba za Jumanne alizijua kama jina lake: ishirini na nne, ishirini na nne na nusu, ishirini na tano.

“Ishirini,” Bi Knar alisoma. “Ishirini na nusu. Ishirini na moja.”

Alimwambia asome tena, na mara ya tatu. Zilikuwa namba za Jumamosi. Kidole kilikuwa kimekibonyeza kitufe.

“Tarehe je?”

“Ileile ya Jumanne. Khoren, hata sasa hivi kompyuta hii inasema leo ni Jumanne.”

Kumbe ile betri ndogo ndani yake, inayolinda saa, nayo ilikuwa imekufa. Kompyuta ilipozimwa Jumanne jioni, saa yake ilisimama. Ilipowashwa Jumamosi iliendelea palepale ilipoachia, ikaziandikia namba mpya tarehe ya zamani. Mtoto wa fundi saa alikuwa amemsimamisha binti yake, na mlima, na siku ya watu mia mbili, kwa sababu ya saa iliyolala.

Waliokuwepo walitegemea kumwona akipumua. Haikuwa hivyo. Asubuhi alikuwa na kosa, na kosa lina dawa. Sasa hapakuwa na kosa lolote, gari lilikuwa sawa kadiri mikono ya mtu inavyoweza kulifanya sawa, na hofu ilikuwa palepale, nzima, haikupungua hata digrii moja.

“Kwa hiyo gari ni zima,” Shoghig alisema.

“Ni zima.”

“Basi niambie wewe. Nipande au nisipande?”

Khoren alilitazama gari, akautazama mlima. “Panda,” alisema. Baadaye alimwambia mkewe kwamba yale maneno ya kwenye redio yalikuwa mepesi. Hili moja ndilo lililokuwa zito.

Saa nane alirudi kona ya kumi na tisa kwa miguu. Milad alimpisha nafasi, hakumtania, akauweka mkate wake pembeni. Shoghig aliondoka saa nane na dakika ishirini na tano. Mlio ulipanda kona moja baada ya nyingine, ukapita ya kumi na moja, na baada ya ya kumi na tano ukaingia nyuma ya jabali, ambako kwa sekunde kumi na moja hakuna kinachosikika. Khoren alikuwa ameshika mkanda wa redio iliyoning’inia shingoni mwa Milad, na Milad alimwachia. Gari lilitokea kwenye mnyoofu mizunguko ikiwa kileleni, likaingia konani, sehemu ya nyuma ikateleza upana wa kiganja kuelekea upande wa hewa, ikarudi, likapita. Lilimaliza la nne. Khoren alikuwa bado ameshika mkanda magari mengine matatu yalipopita.

Tangu siku hiyo alipata lile jina la juu ya wasifu huu, nalo limemfuata hadi leo. Watoto wa mtaani walimsalimu kwa kumwinulia vitambaa vyekundu. Wateja wengine walimwacha, wengine wakaja wakisema wanamtaka hasa fundi wa namna hiyo. Yeye hakujitetea. Alinunua betri mbili mpya, kubwa na ndogo. Shoghig hakuingia karakana kwa miezi minne. Februari 2022 alileta gari, akaacha ufunguo juu ya meza.

“Nina mbio mwezi wa tano. Iseti.”

“Nitakaa kiti cha abiria.”

“Najua, Baba. Nani kasema usikae?”

Kikohozi kilimwanza mwishoni mwa mwaka 2022. Tarehe 17 Januari 2023 madaktari walisema mapafu yake yanakakamaa, na hayatarudi. Aliendelea kufanya kazi hadi Juni 2024, kisha akawa mtu wa nyumbani, akipumua kwa mashine ya oksijeni. Mashine hiyo ilitegemea umeme. Kila umeme wa serikali ulipoondoka, katika zile sekunde za kungojea jenereta, ilinyamaza, na familia iliweka mtungi mdogo kando ya kitanda kwa ajili hiyo. Kazi ya kuufungua aliichukua Shoghig. Alihamia nyumbani, akafupisha saa zake kliniki. Mchana mmoja wa Januari mwaka huu umeme ulikatika akiwa ameshika mtungi, na mikono ikamtetemeka hata valvu ikamkataa. Jenereta likashika kabla hajaifungua. Khoren aliisogeza barakoa ya oksijeni pembeni.

“Sasa unajua,” alimwambia.

“Nilijua zamani, Baba. Bendera ya kwanza niliiona.”

Alimngoja aendelee.

“Niliiona, nikaipita, na zilizofuata nikazipita. Nilikuwa nakwenda kasi kuliko siku zote. Ya kona ya kumi na moja ndipo nilipojua ni wewe. Nikasema, ikiwa ameogopa kiasi cha kujiaibisha mbele ya watu wote hawa, basi na mimi niogope. Nikaachia mguu.”

Bi Knar, aliyekuwa mlangoni na supu, anasema mumewe alirudisha barakoa, akafumba macho, akabaki hivyo mpaka supu ikapoa. Hakuwa amelala.

Khoren Saatjian alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025, saa nne na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Umeme ulikuwepo. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Mkewe na binti yake walikuwa wamemshika mikono, na aliogopa, na hakuficha.

Ameacha mjane, Bi Knar. Dada, Bi Arpi, wa Montreal. Wapwa wawili, Vahe na Talin. Na binti mmoja, Shoghig.

Aliomba orodha hii isomwe polepole. Alisema kwamba tarehe 10 Oktoba 2021, kwa dakika tisa, aliiona imechapishwa kinyume: jina la binti yake juu ya ukurasa, na lake hapa chini, kati ya walioachwa. Tangu hapo, alisema, kila siku aliyoamka ilikuwa ya ziada, na wasifu wowote utakaosomwa majina yakiwa katika mpangilio huu, yeye ameridhika nao.

Apumzike palipo na amani, pasipo na la kuogopa.